Tarehe ya Kuingia Nchini

Mwezi uliopita watoto wa Bwana Dayal walinipa dakika tano nimsifu baba yao kabla mwili wake haujachomwa, kama dini yao inavyotaka, nami nikazitumia zote tano kusema uongo. Nilisimama mbele ya wajukuu waliotoka ng'ambo, nikasema kwamba ndiye aliyeniwekea taipureta ya kwanza mbele yangu, kwamba alinifundisha kazi, kwamba alikuwa mtu wa haki. Mawili ya kwanza ni kweli. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Free Area, Nakuru, nikavua koti, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, na hasira ikaja. Haikuwa hasira mpya. Ilikuwa ileile ya mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipambana na wapigania uhuru, na haijang'oka hata jino moja. Mke wangu aliniuliza kama nimekula huko matangani. Nikamwambia nimekula, na huo nao ulikuwa uongo. Watu husema uzee hupoza damu. Nina miaka sabini na minne, na bado nangoja ipoe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilijiona msomi. Ofisi ya Bwana Dayal ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, chenye dirisha lililotazama ua wa mawe. Kiangazi, upepo ulipotoka ziwani, vumbi jeupe la magadi liliingia humo na kukaa juu ya karatasi, juu ya taipureta, juu ya midomo yetu. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupangusa. Bwana Dayal alikuwa wakala wa karatasi. Aliyetaka leseni ya duka, au kibali cha kuingiza gari, au ruhusa ya kuishi katika koloni, alikuja kwake, na yeye alijua ni fomu gani, ijazwe vipi, ipelekwe dirisha gani na kwa heshima ya namna gani. Saa saba alifungua vyombo vyake vya chakula vilivyopandana, chapati, dengu, achari ya maembe, akala akiwa amenigeuzia mgongo. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Chumba kilikuwa kidogo mno kwa watu wawili kula wakiangaliana. Mimi nilikula muhogo wa kuchemsha uani, nikisoma fomu zilizoharibika. Nilizisoma kama wengine walivyosoma Zaburi. Nilizijua kwa moyo.

Wateja wengi mwaka ule walikuwa Wazungu wazee. India ilikuwa imejitawala, na wale waliokuwa wakubwa huko, wasimamizi wa misitu, maofisa wa jeshi, wahandisi, walikuwa wamerudi kwao wakaona hakukaliki. Sasa walikuja kwetu, na pensheni zao na mbwa wao, kutafuta mahali pa kuzeekea. Nakumbuka mmoja kuliko wote. Jina lake sitaliandika. Sisi tulimwita Bwana Baridi, kwa sababu hakumaliza maneno matatu bila kuilaani baridi ya Uingereza. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono iliyojaa madoa ya jua. Upole wake nautaja mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za shetani. Kama angekuwa shetani ningekuwa nimeshamsahau.

"Miaka miwili nimekaa kule," alimwambia Bwana Dayal kwa Kiingereza, siku aliyokuja kujaza fomu. "Miaka miwili, na soksi zangu hazikukauka hata siku moja."

"Pole sana, bwana. Hapa zitakauka."

"Na watumishi hakuna. Mke wangu anaosha sahani mwenyewe."

"Hiyo mbaya sana, bwana," alisema Bwana Dayal, kisha bila kunigeukia, kwa Kiswahili: "Andika, hali ya hewa."

Hivyo ndivyo tulivyojaza sehemu ya sababu za kutaka kuishi nchini. Fomu ilitaka mambo machache. Mwombaji awe amemaliza kazi ya maisha yake. Awe na pensheni. Awe na mahali pa kulala. Aape kwamba hatachukua kazi ya mkaaji yeyote. Na watu wawili wenye tabia njema waandike kwamba wanamjua vizuri. Hapo Bwana Dayal alikuna kidevu. "Unamjua nani hapa, bwana?" Bwana Baridi alifikiri kidogo. Hakumjua mtu, alisema, lakini kulikuwa na mabwana wawili wa klabu ambao alikuwa amecheza nao karata. Kesho yake barua mbili zikaletwa, karatasi nzito zenye nembo, zikisema kwamba huyu ni muungwana asiye na doa, tunamjua barabara. Niliangalia tarehe kwenye tiketi yake ya meli na ya garimoshi. Walikuwa wamemjua kwa siku tisa.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Nyumbani kwangu kulikuwa kwa Mzee Adagala, katika landi, zile nyumba za chumba kimoja kimoja ambazo reli iliwajengea wafanyakazi wake, zilizopangwa kama mabehewa yaliyosahauliwa. Nilipanga kona ya chumba chake, na shuka la bluu lilitugawa. Kwa miaka ishirini na saba Mzee Adagala alikuwa akibadilisha njia za garimoshi stesheni: alivuta mkono wa chuma, na gari lililokuwa liende Kisumu likaenda Kisumu, na la Uganda likaenda Uganda. Mwaka huo walimwambia amezeeka, wakampa mkono, wakampa barua. Mwisho wa mwezi wa tisa atoke kwenye chumba. Na akitoka chumbani atoke mjini, maana mtu mweusi asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kulala Nakuru. Kwao ni rizavu, eneo walilotengewa watu wake, Maragoli, walisema, huko ndiko aende. Lakini kule shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa na watoto wa ndugu zake hadi mgomba wa mwisho. Alichobakiwa nacho huko ni jina tu. Na mkewe, Jerida, alikuwa amezikwa hapa mwaka uliotangulia, katika makaburi ya Waafrika, na kila Jumapili baada ya kanisa Mzee alikwenda kumng'olea majani kwa mikono.

"Karani," aliniambia usiku mmoja tukila ugali kwa mrenda, "wewe unakaa na hawa watu ya karatasi. Kwani hakuna karatasi ya mtu kama mimi?"

Nilisema sijui. Akatazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na chumba kitupu. Jirani yetu, Mkikuyu aliyekuwa akipaka magurudumu mafuta, alichukuliwa na askari, yeye na mkewe na watoto, kwa lori asubuhi moja, na sufuria yao ilikaa mlangoni wiki nzima ikiwa na maharagwe ndani, hakuna aliyethubutu kuiondoa. Mzee alijua mtu anavyoondolewa. "Mimi sitaki kubebwa," alisema. "Nataka kuomba vizuri. Mtu akiomba vizuri, wanasikia."

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nimelilaani kwa zaidi ya nusu karne. Amemaliza kazi ya maisha yake. Ana pensheni, ijapokuwa ndogo. Mchungaji wetu alikuwa amekubali kumpa chumba nyuma ya kanisa, kwa hiyo ana mahali pa kulala. Hatachukua kazi ya mtu. Na hakuna mahali popote kwenye fomu ile palipoandikwa kwamba ni ya Wazungu! Nilikuwa nimeisoma mara mia. Nilijiona nimegundua mlango ambao wenye nyumba walisahau kuufunga. Leo naona kilichokuwa kwenye kichwa cha ile karatasi, kwa herufi kubwa, ambacho sikukitilia maanani kwa sababu ya werevu wangu: kwamba ilikuwa fomu ya wageni wanaotaka kuingia katika koloni. Nilileta fomu moja nyumbani ndani ya shati. Tukaijaza chini ya koroboi, yeye akiwa amevaa koti lake la kanisani, kwa heshima.

"Nchi ulikotoka?"

"Hiyo ni kusema nini?"

"Kwenu, Mzee."

"Maragoli."

Nikaandika. "Tarehe ya kuingia nchini?"

Akacheka. "Nchi gani tena, Karani?"

"Hii."

"Hii ya Nakuru? Niliingia wakati ya nzige. Ile nzige kubwa ya kwanza."

Nikakisia mwaka. "Uliingia kwa njia gani? Wanauliza meli au ndege."

"Kwa miguu mpaka Londiani. Halafu gari ya mawe ikanibeba." Akaniona nasita. "Andika tu. Si ni kweli?"

Nikaandika miguu, kisha gari la mawe. Tukafika kwenye sababu za kutaka kuishi nchini, na hapo akawa anakunja na kukunjua ukingo wa koti. Treni ya mizigo ilipita, vikombe vikatetemeka kwenye rafu. "Andika Jerida yuko hapa," alisema. Wadhamini wake walikuwa wawili: mchungaji, aliyemjua kwa miaka ishirini na saba, na fundi mmoja wa injini, aliyemjua kwa ishirini. Kisha Mzee akapaka wino kidole gumba, akakibonyeza polepole, akakishikilia pale kama mtu anayezuia damu.

Niliichomeka katika bahasha za wiki. Bwana Dayal alikuwa akila. "Adagala nani?" aliuliza kwa mdomo uliojaa. Nikasema mteja. "Haya," alisema, akagonga muhuri wa ofisi.

Wiki tatu baadaye tuliitwa wote watatu kwa Bwana Shauri, ofisa wa wilaya aliyeshughulikia mambo ya Waafrika. Chumba chake kilinukia nta ya sakafu, na ramani ya Bonde la Ufa ilijaza ukuta mzima, mashamba ya Wazungu yamepakwa rangi moja tu, rangi ya waridi, mpaka macho yanachoka. Alikuwa na maofisa wengine wawili waliokuja kunywa chai. Aliishika fomu yetu kwa vidole viwili, akawasomea. Aliposoma kuhusu gari la mawe, mmoja alilazimika kuweka kikombe chini. "Dayal," Bwana Shauri alisema, "huyu mteja wako ni mtalii wa aina gani?" Wakacheka, na Bwana Dayal akacheka pamoja nao. Kicheko kile nimekisikia kwa watu wengi tangu siku hiyo, hata kwangu mwenyewe. Ni kicheko cha mtu anayecheka ili asiulizwe swali la pili.

"Si mteja wangu, bwana," alisema. "Hii kijana alifanya mchezo."

Bwana Shauri alimgeukia Mzee. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. "Mzee, hii ni alama ya kidole chako?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi umesema mwenyewe kwamba wewe ni mgeni na umetoka nchi nyingine. Serikali imekubali maneno yako."

"Bwana, mimi si mgeni."

"Imeandikwa hapa." Akachukua muhuri. "Ombi la mgeni huyu limekataliwa. Pensheni yake haimtoshi mgeni kuishi. Aondoke kwa siku saba." Na wale wawili wakacheka tena, maana kilikuwa kichekesho kizuri, kilichotungwa vizuri, na mimi ndiye niliyekitunga. Sijui Mzee alielewa kiasi gani. Alitoa heshima kama walivyofundishwa relini, visigino pamoja, akatoka.

Bwana Dayal hakunipigia kelele. Tuliporudi ofisini alipangusa kiti chake kwa leso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi. "Andika barua ya kuomba msamaha. Sema mzee alikudanganya, alikuambia yeye mtu ya Uganda."

"Hakunidanganya."

"Kijana, sikia. Mimi nimezaliwa Nakuru hii. Baba yangu yuko Gujarat, mzee, mgonjwa, nataka afie kwangu. Mara mbili wamekataa ombi lake. Mara mbili, na mimi ndiye bingwa ya fomu! Unadhani nina mahali pa kusimama nikutetee? Andika, ama chukua koti yako."

Niliandika. Nilipiga taipu barua nzima bila kosa hata moja, pambizo safi, tarehe juu kulia. Hilo ndilo ambalo sikulisema kwenye mazishi, na naona sasa kwamba siwezi kumkasirikia marehemu bila kuukumbuka mlio wa funguo zile chini ya vidole vyangu mwenyewe. Alikuwa mwoga. Mimi nilikuwa mwoga mwenye chapa nzuri.

Siku ya tano kati ya zile saba, kibali cha Bwana Baridi kikafika. Nilitumwa nikipeleke hotelini. Walikuwa barazani, yeye na mkewe, meza ina mkate uliochomwa, siagi, jemu ya machungwa, na mbele yao ziwa lote lina rangi ya waridi kwa ndege heroe. Mama yule alipiga makofi. Bwana Baridi alisoma kibali mara mbili, akanishika mkono, mimi, karani mweusi, mbele ya watu, na macho yake yalikuwa na maji. "Nyumbani," alisema. "Hatimaye nyumbani." Kisha akaniuliza, kwa kuwa walikuwa wamenunua nyumba kwenye mteremko wa mlima Menengai, kama namjua mtu wa kukaa langoni. Mzee, asiye mlevi, anayeujua mji.

Nilimwomba. Sikuomba kama mwanamume. Niliomba nikiwa nimeinama, nikiisokota kofia yangu, bwana tafadhali, bwana nakusihi. Alishangaa kuona jambo dogo hivyo linanitoa jasho. Akachukua karatasi ya hoteli, akaandika mistari miwili kwa kalamu ya risasi kwamba amemwajiri Adagala. Nilikimbia nayo mpaka kwenye ofisi ya pasi, na karani wa pale hata hakuisoma yote. Alitazama jina lililo chini, akagonga muhuri. Kibali cha mtumishi kukaa Nakuru, kitakachokwisha kazi itakapokwisha. Miaka ishirini na saba, mchungaji na fundi wa injini, havikuweza. Mtu wa miezi mitatu aliweza kwa kalamu ya risasi, huku akipaka siagi kwenye mkate.

Mzee alikuwa anafunga sanduku nilipoingia. Nilimsomea. Aliketi juu ya sanduku.

"Huyo Bwana amekaa hapa siku ngapi?"

"Karibu miezi mitatu."

"Na yeye ndiye anasema mimi nikae."

"Ndiyo, Mzee."

Alikuwa na ugali wa mchana uliopoa. Akamega, akala tonge moja, akatafuna muda mrefu kama nyama ngumu. "Hiyo nyumba iko mbali na makaburi?"

"Kutembea ni kama saa moja."

"Basi nitaenda."

Nilitaka akatae. Nitasema ukweli huu sasa kwa kuwa nimechoka na mwingine: nilipowasimulia watoto wangu habari hii, nilimfanya akatae. Nilimfanya aichane barua ya Mzungu, apande treni, daraja la tatu, kichwa juu, na watoto wangu walipiga makofi. Kwa miaka mingi nimempora mzee yule uamuzi wake ili mimi nipate shujaa. Yeye hakuwa anatafuta kichwa juu. Alitaka kuwa karibu na kaburi la mkewe, alijua bei yake, na aliikubali akiwa amekaa juu ya sanduku, bila kuugua. Hasira ilikuwa yangu, na hasira ya kijana ni rahisi, haihitaji kutembea saa moja kila Jumapili.

Nilikwenda kumwona mwezi wa kumi na moja. Walikuwa wamempa koti la kaki lililomzidi na kibanda kando ya lango la mbao, na alikuwa ameshapanda sukuma wiki kwenye kipande cha ardhi nyuma yake. Tulikunywa chai tukiwa wima. Aliniambia mama wa nyumba anaogopa fisi, aliniambia Bwana halali mchana. Gari likapanda kilima, likasimama mbele yetu, ndani mna Mzungu mzee na mkewe, weupe wa watu walioshuka melini juzi, waliokuja kuona kama na wao watapapenda. Mwanamume alitoa kichwa dirishani. Alikuwa mchangamfu, na alikuwa amejifunza Kiswahili chake njiani.

"Jambo, mzee! Wewe natoka wapi?"

"Mimi mtu wa hapa, Bwana."

Mgeni akacheka, kwa wema, kama unavyomcheka mtoto. "Hapana, hapana. Kwenu. Kwenu wapi?"

Mzee Adagala hakujibu. Alishika komeo la lango, akamtazama yule mtu usoni, na kimya kikawa kirefu hata injini ya gari ikasikika kama inauliza. Angeweza kukaa hivyo mpaka jioni; alikuwa amesimama miaka ishirini na saba akingoja magari makubwa kuliko lile. Mimi ndiye niliyeshindwa kukivumilia kimya kile. Nikasema haraka, kwa Kiingereza safi, ili wajue nimesoma, kwamba ametoka Maragoli, bwana, ni mbali, upande wa magharibi.

"Ah," mgeni akasema, ameridhika.

Mzee akafungua lango, bawa moja kisha la pili, gari likapita, vumbi likatufunika. Akalifunga. Akarudisha komeo. Kisha akasema, bila kugeuka, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu:

"Karani, nani alikuuliza wewe?"